Sumu ya Haraka na Sumu ya Taratibu

Binadamu ni mwepesi wa kuona hatari iliyo karibu, na mzito wa kuona hatari iliyo mbali. Nyoka akitokea njiani kila mtu huruka. Lakini mchwa wakila nguzo ya nyumba kwa miaka kumi, wenye nyumba hulala usingizi wa amani chini ya paa lile lile. Mchwa si wema kuliko nyoka. Nyoka ana haraka, na mchwa wana subira. Katika insha hii nataka tufikiri pamoja, msomaji, juu ya swali moja: je, dhara lijalo taratibu, tena liwapatalo baadhi ya watu tu, ni dogo kwa sababu hiyo? Na mtu ajileteaye dhara la namna hiyo, au awauziaye wenzake, ana jawabu gani mbele ya nafsi yake? Mfano wetu utakuwa pombe na saratani ya utumbo mpana, na safari yetu itaanza Machakos.

Mji wa Machakos umejengwa chini ya vilima vya Iveti, kusini-mashariki ya Nairobi, katika nchi ya Wakamba. Mwezi wa Juni mwaka 2005 watu wa sehemu hizo walipatwa na msiba ambao wazee wangali wanaukumbuka. Wanywaji walikwenda kunywa pombe ya bei nafuu kama walivyozoea, wakarudi makwao. Baadaye walianza kutapika na kuumwa na tumbo, na macho yao yakaingia giza. Watu zaidi ya 40 walikufa, na wengi wengine walilazwa hospitalini. Pombe ile ilikuwa imetiwa methanoli, kileo cha viwandani ambacho hutumika katika kazi za rangi na dawa za kusafishia, na ambacho kwa rangi ni kama maji. Aliyeitia alitaka kuongeza ukali wa pombe na faida ya biashara. Aliyeinywa hakuambiwa neno.

Msiba huo haukuwa wa kwanza wala wa mwisho katika Kenya. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa katika mitaa ya maskini ya Nairobi kwa pombe ya namna hiyo hiyo, na mwezi wa Mei mwaka 2014 makumi ya watu walikufa tena katika sehemu za Embu, Kitui na kwingineko. Kila mara nchi ililia, magazeti yaliandika, na viongozi walikemea. Hapana aliyeuliza kama methanoli ni mbaya. Dhara lilikuwa la usiku mmoja, na maiti zilihesabika.

Funzo ambalo watu wengi walilipata katika misiba hiyo ni hili: kunywa pombe iliyofungwa katika chupa, yenye stempu ya ushuru na alama ya ubora, nawe utakuwa salama. Sheria nayo ilielekea njia hiyo. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya zamani juu ya chang'aa, ili itengenezwe na kuuzwa kwa leseni na kwa kipimo kinachojulikana. Ikakataza kumuuzia kileo mtu asiyetimia miaka 18. Ikaweka na saa za kufungua baa. Haya ni mema, wala sisemi kinyume chake. Lakini jambo likihalalishwa na sheria, je, limeondolewa dhara lake? Hapa ndipo fikira zetu hazina budi kwenda taratibu.

Tutazame kwanza namna methanoli inavyoua. Iingiapo tumboni haina ukali mwingi. Sumu yenyewe hutengenezwa na mwili. Ini lina kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuvunja vileo. Kikikutana na methanoli, huanza kuigeuza, na mwisho wa mageuzi hayo ni asidi ya fomiki, ambayo huharibu neva za macho na kuzizuia chembe za mwili kutumia hewa. Mtu hupofuka, kisha hufa.

Basi kimeng'enya hicho hicho hukutana pia na ethanoli, yaani kileo cha kawaida kilichomo katika bia, mvinyo, chang'aa na pombe ya asali. Huigeuza kuwa kitu kiitwacho asetaldehaidi. Kwa muda mfupi, kabla ya mwili kuimaliza, asetaldehaidi huweza kuharibu maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe hai, maandishi ambayo kwayo chembe hujua wakati wa kuzaana na wakati wa kukoma. Bakteria wakaao katika utumbo mpana nao huigeuza pombe namna hiyo. Tena pombe humpunguzia mtu foleti, ile vitamini ya mboga za majani ambayo mwili huitumia kutengeneza maandishi hayo na kuyasahihisha. Kwa hiyo mnywaji huharibu daftari kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili humnyang'anya karani wino wa kusahihishia.

Aghalabu kasoro husahihishwa, na mambo huendelea. Mara chache kasoro hubaki. Chembe iliyobaki na kasoro huweza kuzaana bila amri, na katika ngozi ya ndani ya utumbo hutokea kivimbe kidogo mfano wa uyoga. Kivimbe hicho hakiumi wala hakimzuii mtu kulima, kucheza au kucheka. Vingi haviwi saratani kamwe. Vile viwavyo saratani huchukua kwa kawaida miaka 10 au zaidi. Mtu hunywa katika ujana, naye huitwa kulipa akiwa baba wa watoto au babu wa wajukuu, wakati ambapo hata hakumbuki kwamba alikopa.

Hayo si maneno ya mtu mmoja. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon katika Ufaransa, liliviweka vileo katika kundi la vitu ambavyo imethibitika kwamba huwaletea watu saratani. Mwaka 2007 wataalamu wa shirika hilo walikutana tena, wakaamua kwamba ushahidi unatosha kuitia saratani ya utumbo mpana katika orodha ya saratani zinazoletwa na pombe, pamoja na zile za kinywa, koo, umio, ini na titi la mwanamke. Hawakutenga bia na chang'aa, wala pombe ya tajiri na pombe ya maskini. Kinachodhuru ni ethanoli yenyewe, iwe imetiwa katika bilauri ya hoteli au katika kibuyu. Hesabu iliyofanywa juu ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba duniani kote wagonjwa wapya wapatao 740,000 wa saratani walipata maradhi yao kwa sababu ya pombe, na zaidi ya 150,000 kati yao walikuwa na saratani ya utumbo mpana. Muhuri wa chupa, kwa hiyo, hutuambia kwamba ndani hamna nyoka. Hautuambii kwamba hamna mchwa.

Hata hivyo, mwenye kusema kweli lazima aiseme yote, na kutia chumvi ni namna moja ya kusema uongo. Je, hatari hii ni kubwa kiasi gani? Watafiti waliokusanya habari za watu wengi wamekadiria kwamba kila gramu 10 za kileo anywazo mtu kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 7 hivi. Chupa ya bia ya nusu lita, yenye kileo cha asilimia 5, ina gramu zikaribiazo 20. Tufanye mfano ili hesabu ieleweke. Chukua watu 1,000 wasiokunywa, na tuseme kwamba 20 kati yao watapatwa na maradhi haya katika maisha yao. Chukua tena watu 1,000 wanaofanana nao kwa kila jambo, ila hawa hunywa chupa moja kila siku. Miongoni mwao watapatwa 23. Na wale wanywao kwa kupindukia, gramu 50 na zaidi kila siku, hatari yao huzidi kwa kadiri ya nusu. Katika mfano wetu wangekuwa kama 30.

Basi wengi wanywao hawatapatwa na saratani ya utumbo, na wengi wapatwao hawakuletewa na pombe. Umri huchangia, na urithi wa ukoo, na tumbaku, na unene, na uchache wa matunda na nafaka zisizokobolewa katika chakula. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi ya upasuaji katika Uganda kwa muda wa miaka karibu 20 tangu 1946, aliona kwamba maradhi haya yalikuwa adimu sana miongoni mwa watu wa mashamba waliokula vyakula vyenye makapi mengi, na mwaka 1971 aliandika kueleza fikira hiyo. Mkamba aliyekula isyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja, alikuwa na ngao ambayo hakuijua. Leo ngao hiyo huwekwa chini na wengi waendao mjini, na badala yake hushikwa mkate mweupe, nyama kila jioni, na chupa.

Msomaji mwenye akili atasema: watu watatu katika elfu ni wachache, mbona kelele nyingi? Swali hili ni la haki, na jawabu langu ni kuuliza swali jingine. Kama kijijini kwenu kungekuwa na watu elfu moja, na mtu mmoja akasema kwamba katika sherehe za miaka yote ijayo watatu watatolewa wafe kwa maumivu, je, mngeendelea na sherehe bila ya kusimama kwanza na kushauriana? Wale watatu huonekana wachache kwa kuwa hawana majina. Wakishapata majina, mmoja akawa mama yako na mwingine rafiki yako wa darasani, hapana hesabu iwezayo kuwaita wachache. Hapana ajuaye watatu hao ni nani. Hata wao wenyewe hawajijui.

Mwingine atasema: babu yangu alikunywa tangu ujana, akafa na miaka 90. Sina sababu ya kumkanusha, na Mungu amrehemu babu yake. Lakini waliovuka mto wenye mamba husimulia safari yao ukingoni jioni, na walioliwa hawasimulii. Mtu akiwasikiliza wavukaji tu, ataamini kwamba mto hauna mamba.

Wa tatu atasema neno lenye nguvu kuliko yote: mwili ni wangu, na maisha ni yangu; nikichagua kufurahi leo na kuumwa kesho, nani amenidhulumu? Uhuru ni kitu kitukufu, wala sitaki kuudharau. Ila uhuru una sharti moja, nalo ni kujua. Wanywaji wa Machakos mwaka 2005 walichagua kikombe, lakini hawakuchagua methanoli, maana walifichwa. Mtu anywaye akiamini kwamba chupa iliyofungwa haina dhara lolote ila kwa walevi, naye hajachagua kwa ukamilifu. Amechagua nusu tu ya jambo.

Tena huyo atakayeumwa kesho, je, ni mtu yule yule achaguaye leo? Kijana wa miaka 20 na mzee wa miaka 60 wana jina moja, lakini mzee hana sauti katika baraza la kijana. Kijana hutia sahihi, na mzee hulipa. Sisi twamlaumu mtu atumiaye mali ya yatima ambaye bado ni mdogo na hawezi kujitetea. Basi mzee utakayekuwa ni kama yatima huyo: yumo mikononi mwako, na hana wakili mwingine ila wewe. Wala halipi peke yake. Maradhi yake yatauza shamba, yatamtoa binti shuleni amuuguze, na yatamwacha mjane. Mwili ni wako, naam; lakini kitanda cha mgonjwa huzungukwa na watu.

Yafaa hapa tuwakumbuke wahenga wa Ukambani. Pombe ya asali na ya miwa, iliyochachushwa kwa tunda la mvungunya, ilikuwa na heshima yake katika mila. Ilitumika katika mahari, katika tambiko, na katika kusuluhisha magomvi. Wazee waliinywa wakikaa pamoja, na vijana walikatazwa. Sisemi kwamba wazee walijua habari za chembe na maandishi ya urithi. Wala sisemi kwamba katazo lile lilitoka katika huruma peke yake, maana wazee nao walipenda kuulinda ukubwa wao na kibuyu chao. Lakini katika mila ile mlikuwa na hekima: pombe ilikuwa na mahali pake, wakati wake na mpaka wake. Leo pombe imevuka mipaka yote mitatu. Hunywewa bila ya sababu, saa yoyote, na mtoto aliyetoka shuleni juzi. Kwa kuwa sumu hii hufanya kazi kwa kujumlisha, miaka kwa miaka, aanzaye mapema huipa mchwa nyumba mpya.

Na muuzaji je? Hapa moyo wangu hunilemea, maana najua kwamba miongoni mwenu msomao kitabu hiki wamo ambao karo yao imelipwa kwa pombe. Mama mjane asiye na shamba wala kazi hupika pombe usiku ili mwanawe asome mchana. Ni nani atakayesimama mbele yake na kumwita muuaji? Mimi siwezi. Aliyetia methanoli katika pombe kwa tamaa na kunyamaza, huyo ana damu mikononi. Mama yule huuza kitu ambacho dunia nzima hukiuza, na kampuni kubwa hukitangaza kwa picha za vijana wazuri wanaocheka. Lakini kutomhukumu mtu si kusema kwamba kazi yake haina dhara. Kama wewe umesoma kwa kazi hiyo, deni lako kwake ni kumtafutia kazi nyingine itakapowezekana, si kumwonea haya. Na wenye kampuni kubwa, ambao hawana njaa ya kujitetea nayo, wana wajibu mzito zaidi: wakiuza, waseme waziwazi wanachouza.

Limebaki jambo moja ambalo nisipolisema nitakuwa nimefundisha ukatili. Ukikutana na mgonjwa wa saratani ya utumbo, usimwulize alikunywa kiasi gani. Mara nyingi hakunywa kabisa. Na hata kama alikunywa, hapana daktari awezaye kusema kwa hakika kwamba chupa zile ndizo zilizomletea. Elimu ya hatari hutumika kwa kulinda walio wazima, haitumiki kwa kuwapiga wagonjwa. Anayeifanya kuwa fimbo huwafundisha watu kuficha maradhi yao.

Na maradhi haya hufichwa kupita kiasi, maana yamekaa mahali ambapo adabu zetu hazipataji. Mtu huona damu katika choo akanyamaza miezi sita. Huona haja yake imebadilika, tumbo linasokota, mwili unapungua na nguvu zinaisha, naye hutafuta dawa ya minyoo kuliko kumwambia daktari. Aibu imeua wengi ambao kisu cha mganga kingewaokoa. Kivimbe kikionekana mapema huweza kuondolewa kabla hakijawa saratani, na saratani ikigunduliwa ingali changa, wengi hupona. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfundishe baba yako na mama yako kwamba hapana aibu katika kutaja utumbo mbele ya mganga.

Sasa turudi katika swali letu la kwanza. Je, dhara la taratibu ni dogo kuliko dhara la haraka? Kwa kila mtu mmoja mmoja uwezekano wake ni mdogo, na kweli hii tusiifiche. Lakini udogo huo si ruhusa ya kunyamaza, wala umbali wake haupunguzi haki ya yule atakayeumia. Mwezi wa Januari mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Asiyekunywa asianze. Anywaye na apunguze, maana kila kipimo kilichopunguzwa hupunguza hatari, na awezaye kuacha ataona faida zaidi. Hii ni shauri, wala si amri. Kwa mtu mzima mwenye akili timamu uamuzi ni wake.

Wale walioshika vikombe katika Machakos jioni zile za mwaka 2005 hawakupewa nafasi ya kuamua. Aliyejua kilichomo alinyamaza, nao walikunywa wakiamini. Wewe, msomaji, umeambiwa kilichomo, kwa kipimo chake na kwa mpaka wake. Siku utakapoalikwa mezani na chupa ikafunguliwa, kumbuka yule mzee asiye na sauti ambaye atalibeba jina lako baada ya miaka 40, umpe nafasi ya kusema neno kabla hujajibu.